Mwanamke wa Ubavuni mwa Lori

Juzi, kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka wa Tunduma, nilikuta moja la mtumba kutoka Japani, limepambwa kama ukumbi wa harusi. Ubavuni amechorwa mwanamke mwenye mwavuli, na chini yake kuna maandishi ya Kijapani. Mke wa dereva, aliyemletea mumewe hotipoti ya chakula kutoka Vwawa, akayagusa kwa kidole.

“Baba watoto, hili ni jina la nani?”

“Hata mimi sijui. Lori limekuja hivyohivyo.”

“Na hizi taa ulizomzungushia wiki iliyopita?”

Dereva akatugeukia watazamaji, mikono wazi. Tukayakodolea macho yale maandishi. Huenda yanasema “punguza mwendo”, huenda ni jina kweli. Mpaka leo sijui. Ninachojua, hotipoti ilirudi Vwawa haijafunguliwa.