Jogoo Niliyemwita Nahodha

Jogoo wangu yu hai leo, na aliyemwokoa nilimzomea mbele ya watu.

Nauza kuku wa kienyeji hapa Mkiwa. Jogoo huyo nilimwita Nahodha, kwa jinsi ninavyompenda nahodha wa timu yetu ya taifa. Juzi mteja mmoja mwenye kofia akamwulizia bei.

"Huyo hauzwi, mwanangu."

Mara jogoo akachomoka, akakimbilia barabarani kwenye malori. Mteja akamfukuza, nami nikapiga kelele, "Kimbia basi! Nahodha wa kweli angeshamkamata!"

Akajirusha vumbini, akamdaka. Kofia ikaanguka. Uso ule nimeubandika ukutani kwangu!

Akanikabidhi jogoo huku anahema. "Mama, huyu ananizidi mbio. Kitambaa cha unahodha mvalishe yeye."