Siku Corley Ilipotaka Kuifunga Barabara ya Eunice

Wako watu wanaodhani Marekani inaendeshwa kutoka Washington tu. Hao hawajawahi kukaa kwenye kiti cha chuma ndani ya ukumbi wa shule ya Corley, Vermont, Jumanne ya kwanza ya Machi, theluji imefika madirishani na buti zinachuruzika maji sakafuni. Siku hiyo mji mzima ndio bunge. Mkata mbao, mkamua ng'ombe, mwalimu, mlevi wa kijiji, kila mmoja ana kura yake na mdomo wake. Mheshimiwa akija kusalimia kutoka mji mwingine, anakaa kimya mpaka wenyeji wamruhusu kusema. Desturi hiyo ni kongwe kuliko taifa lenyewe.

Aliyeishika nyundo ya mkutano huo kwa miaka mingi ni Eunice Lavallee.

Eunice hakusomea sheria. Yeye na mumewe, Raymond, walifuga ng'ombe wa maziwa juu ya Kilima cha Kondoo mpaka bei ya maziwa ikawashinda, kisha yeye akaenda kupika katika jiko la shule. Uenyekiti aliupata kwa mzaha. Mwenyekiti wa zamani alipong'atuka, wapishi wenzake walimpendekeza wakisema kwamba mtu anayewanyamazisha watoto wenye njaa hawezi kushindwa na watu wazima walioshiba. Ukumbi ukacheka, ukampigia kura. Kufikia saa ya chakula hakuna aliyekuwa akicheka tena. Eunice alikuwa amekwisha kumketisha tajiri wa kiwanda cha mbao kwa kusema nje ya hoja, na dakika hiyo hiyo akampa nafasi kibarua wake.

Ndani ya ukumbi hakuwa na ndugu wala jirani. Hata Armand, kaka wa marehemu Raymond, mzee mwenye sauti ya ng'ombe dume, ilimbidi aseme "Bi Mwenyekiti" au akae chini. Na kabla ya kila kura Eunice alikuwa na mazoea yake: aliwaeleza watu kwa maneno mepesi kwamba ukisema ndiyo, maana yake hivi, ukisema hapana, maana yake vile. Hakuwahi kuruka hatua hiyo. Ila mwaka ule wa agenda ya sita.

Agenda ya sita ililetwa na Dwight Stannard wa halmashauri ya mji, mtu mkavu asiyependa kuona mafuta yakichomwa bure. Aliuliza kama mji uache kuzoa theluji katika Barabara ya Kilima cha Kondoo. Halmashauri ilikuwa imeahidi kufuata uamuzi wa mkutano. Juu ya kilima kile ilikuwa imebaki nyumba moja tu, na nyumba hiyo ni ya Eunice.

Wiki nzima kabla ya mkutano Eunice hakulala vizuri. Lori la mji la kuzoa theluji lisipopanda, lori la mafuta ya kupashia nyumba joto halipandi. Gari la wagonjwa halipandi. Binti yake aliyeko Florida alikwisha kumwandalia chumba, na kila akipiga simu husema, "Mama, huku hakuna theluji kabisa," kana kwamba hiyo ni sifa. Eunice hakutaka kwenda. Raymond alizikwa kule juu, nyuma ya zizi.

Agenda ilipofika, Dwight alisimama, kofia mkononi.

"Bi Mwenyekiti, sina ubaya na mtu. Barabara nzima, nyumba moja. Lori linapanda tupu na kushuka tupu. Na kama Bi Mwenyekiti anaona vigumu kuongoza agenda hii, anaweza kukaa pembeni, hatutamlaumu."

"Abaki!" watu wakapiga kelele kutoka nyuma. "Abaki! Tunamwamini!"

Laiti wangejua walimtwika mzigo gani. Kanuni ni kwamba mwenyekiti akitaka kuchangia hoja, ashuke kwanza kitini. Eunice alijijua: akishuka atasema, na akisema atalia mbele ya watoto wote aliowalisha. Akabaki. Na kwa kuwa wamesema wanamwamini, akajikaza mara mbili zaidi.

Armand akainuka. "Bi Mwenyekiti! Dwight anasema lori linapanda tupu. Na yeye kila usiku anapanda ngazi kwenda kwenye kitanda kitupu, mbona hatujamfungia ngazi?"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Dwight, ambaye hakuwahi kuoa, akaiva masikio.

Eunice akagonga nyundo. "Bwana Lavallee, jadili barabara, mwache mtu na kitanda chake."

"Barabara ni ya watu, Bi Mwenyekiti! Leo kilima, kesho bonde, keshokutwa wewe uliyekaa hapo! Nimemaliza!"

Makofi. Eunice akaanza kutumaini. Dwight akaomba kura ya kusimama ili ionekane wazi, naye Eunice akakubali. Hapo ndipo ilipompasa kueleza maana ya ndiyo na hapana. Akafungua mdomo. Akamwona Dwight akimtazama. Akawaza, nikisema "ukisimama unanifungia barabara," si nitakuwa nimejipigia kampeni? Akafunga mdomo, akaisoma hoja kama ilivyoandikwa.

"Wanaosema ndiyo, wasimame."

Sasa asubuhi nzima watu wa Corley walikuwa wamesema ndiyo. Ndiyo kwa gari la zimamoto, ndiyo kwa maktaba, ndiyo kwa rangi ya shule. Vichwani mwao hii ilikuwa kura ya barabara ya Eunice, na wao wanampenda Eunice. Armand alikuwa wa kwanza kuruka juu. Akamvuta jirani yake kwa mkono wa koti. "Simama, bwana! Ni ya Eunice hii!" Mstari wa wapishi ukasimama. Familia nzima za wakulima zikasimama, zikimtabasamia.

Eunice alitazama marafiki zake wakiinuka mmoja mmoja kumfukuza nyumbani kwake.

Tess Aldrich, mwalimu kijana aliyebaki kitini, alinyoosha mkono akiupunga kama anayezama. "Bi Mwenyekiti, watu hawaja—"

"Kura imekwisha kuanza, Bi Aldrich. Hakuna kuzungumza." Sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mtu mwingine. "Wanaosema hapana."

Walisimama Tess na wachache waliosikiliza vizuri.

"Ndiyo wameshinda," Eunice akasema. "Hoja imepita."

"Tumewapiga!" Armand akanguruma, akimpungia kofia shemeji yake.

Dwight hakushangilia. Alikuwa akiangalia huku na huku kama mtu aliyepewa chenji iliyozidi.

Ilibaki njia moja. Uamuzi unaweza kufunguliwa upya kabla agenda inayofuata haijaanza. Lakini katika kanuni za Corley, anayeweza kuomba hivyo ni mtu aliyepiga kura upande ulioshinda. Tess akasimama haraka.

"Bi Mwenyekiti, naomba tuifungue upya agenda ya sita!"

"Ulipiga kura upande gani?"

Tess angeweza kudanganya. "Hapana," akasema.

"Basi huna haki ya kuomba. Keti."

"Lakini Bi Mwenyekiti, ni nyumba yako!"

"Keti, Bi Aldrich."

Hivi ndivyo alivyomketisha mwokozi wake kwa mkono wake mwenyewe. Wapo watakaosema ni upumbavu. Mimi nasema watawala wangapi duniani wangekubali kupoteza hata kiti cha gari kwa ajili ya kanuni?

Eunice akamimina maji. Akanywa polepole sana, agenda ya saba ikisubiri. Hakuna kanuni inayomkataza mwenyekiti kuwa na kiu. Chini, Tess alikuwa amechuchumaa karibu na kiti cha Armand, akimnong'oneza kwa nguvu, na Armand ameweka kiganja sikioni.

"Nini? Nimemfanya nini?"

Eunice akamimina tena.

"Ati NIMEMFUNGIA?"

Mzee akainuka, kiti kikaanguka nyuma yake. "Eunice!"

"Zungumza na mwenyekiti, Bwana Lavallee."

"Bi Mwenyekiti, mimi ni punda!"

"Hiyo si hoja."

"Ni hoja! Sote hapa ni punda! Tulidhani ndiyo ni ya kukutetea! Nifanye nini? Niambieni niseme nini!"

"Sema uamuzi ufunguliwe upya!" ukumbi mzima ukapaza sauti.

"Ufunguliwe upya!"

"Ulipiga kura upande gani?" Eunice akauliza, akiyaweka maji pembeni.

"Ndiyo! Mungu anisamehe, ndiyo!"

"Nani anaunga mkono?"

Dwight Stannard akanyoosha mkono. "Mimi, Bi Mwenyekiti. Nami nilisema ndiyo, na bado ni ndiyo. Lakini nikishinda, nataka nishinde kwa watu wanaojua wanachokifanya."

Safari hii Eunice alieleza. Ndiyo, lori linaacha kupanda. Hapana, lori linaendelea. Wa ndiyo wakasimama: Dwight na watu wake wa matumizi madogo. Kisha akawaita wa hapana, na ukumbi ukanguruma kwa viti vikisukumwa nyuma. Hakukuwa na haja ya kuhesabu.

"Hapana wameshinda," akasema. "Hoja imeanguka." Akataka kuendelea na agenda ya saba, herufi zikamchezea machoni. Akagonga nyundo. "Twendeni tukale."

Yeye hakuondoka kitini, kwa hiyo wapishi wenzake wakamletea sahani pale pale: maharage ya kuokwa, mkate, pai ya tufaha. Alikula vyote, akaomba tena. Dwight akapita na kikombe chake cha kahawa.

"Mwakani nitaileta tena, Eunice."

"Ilete," akamjibu, mdomo umejaa. "Nitakupa nafasi ya kusema."

Alasiri theluji ilianza upya. Chini ya kilima Eunice alilikuta lori la mji likiwa tayari limeshusha sepeto lake la chuma, linapanda. Akapunguza mwendo, akalifuata taratibu njia nzima mpaka mlangoni kwake, akiimba peke yake ndani ya gari, bila kujali sauti.