Mkate Mbichi Ndani

Huu mwaka wa thelathini natengeneza majiko ya umeme, na nimechoka. Magoti yamechoka, macho yamechoka, na wateja wajuaji ndio wamenichosha kuliko vyote. Mtu akinipigia kwamba jiko nililotengeneza halichomi, huwa simwachi hata amalize. Namuuliza kama amewasha swichi ya ukutani, kama anafunguafungua mlango. Kosa ni lake tu.

Wiki iliyopita alinipigia dada yangu mkubwa, nami nikamjibu hivyohivyo. Dada alikuwa akioka mikate nyumbani kwake na kuiuza kwa kantini ya chuo cha wauguzi tangu shemeji afariki, na kwa mikate hiyo amesomesha wanawe watatu. Siku chache kabla nilikuwa nimembadilishia koili ya oveni yake, ule waya unaotoa moto. Sasa anasema mikate inatoka imepauka, ndani mbichi. Nikamwambia koili ni mpya kabisa, aangalie unga wake, au labda uzee umeanza kubisha hodi. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Akapiga tena Jumatatu, akapiga Jumatano. Mkuu wa kantini alikuwa amemwambia kinagaubaga: mikate ikifika mibichi tena Ijumaa, anatafuta mwokaji mwingine. Nikamwambia niko njiani. Nilikuwa kitandani, jamani, mafundi mnatujua.

Nilifika Ijumaa saa nne asubuhi. Nilimkuta amekaa jikoni, mikono mapajani, meza safi haina hata chembe ya unga. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Nikapima koili, nzima. Nikawasha, ikawa nyekundu, mara ikazima, na oveni yenyewe vuguvugu tu. Nikalaumu umeme wa mtaani, nikalaumu mpira wa mlango. Dada alinishikia tochi.

Mwishowe akauliza, kwa sauti ya chini, kama kile kijiti cha shaba hakikuwa kimebanwa juu zamani.

Nikavaa miwani ambayo huwa naionea aibu. Kweli, kijiti kinachopima joto kilikuwa kimelala chini, kinagusana na koili. Kikipata moto wa koili tu, kinaliambia jiko kwamba oveni yote imeshapata, nalo linazima. Nilikuwa nimekichomoa mwenyewe ili nipitishe koili, halafu nikasahau kukirudisha. Nilikibana mahali pake kwa dakika mbili. Baada ya robo saa oveni ilikuwa haishikiki kwa moto.

Niliona haya, sifichi. Nikamwambia dada kosa ni langu tangu siku ya kwanza, anisamehe, akande unga sasa hivi, saa tisa mimi mwenyewe nitaipeleka mikate chuoni.

"Acha, mdogo wangu," akasema. "Nimewapigia asubuhi. Nimeacha kazi."

Nikamwambia anipe simu, nitawaeleza kwamba ni uzembe wa fundi. Akatikisa kichwa. Mkuu wa kantini alikuwa na mwokaji mwingine tayari, naye alikuwa ameshaanza asubuhi hiyohiyo.

"Miaka kumi na tisa sijawahi kuwapelekea mkate mbichi," akasema. "Mikono yangu iliniambia tatizo ni jiko. Wewe ukaniambia ni mimi. Nikakuamini wewe."