Tawi Kwenye Zizi Tupu

Ni asubuhi ya Jumanne, kesho ni Jumatano ya Majivu. Veronica Mboje anapita nyumba kwa nyumba katika kata ya Nkololo, wilayani Bariadi, gunia begani. Anakusanya matawi ya ukindu yaliyobarikiwa Jumapili ya Matawi mwaka jana. Yamekauka, yanakatika yakiguswa tu.

"Mwangaluka, mayu," anamsalimia mama mwenye nyumba kwa Kisukuma kwenye ua wa kwanza. "Nimefuata matawi."

Kijijini hapa matawi hayo huchomekwa juu ya lango la zizi, ng'ombe wapite chini yake kwenda malishoni na kurudi. Kwaresima ikikaribia watu huyang'oa na kuyarudisha kanisani, yachomwe yawe majivu ya kupakwa kwenye paji la uso.

Kuyachoma ni kazi ya Veronica, mjane wa miaka 57, mfagiaji wa kanisa la kigango chao. Malipo yake ni debe la mahindi kwa mwezi, mavuno yakiwa mazuri. Msimu uliopita hayakuwa mazuri, na debe lenyewe hajaliona.

"Padri anasema tufunge," anasema, na kicheko chake hakina raha hata kidogo. "Mimi nafunga tangu Agosti. Huo mfungo wa kanisani niuweke wapi?"

Njaa ameizoea. Kinachomkausha ni zizi lake.

Miaka mitatu iliyopita, ukame ulipomaliza malisho, mwanawe wa pekee, Josia, aliswaga ng'ombe thelathini wa marehemu baba yake kuelekea Katavi. Veronica alimsindikiza hadi langoni, akamwonyesha tawi lililochomekwa juu.

"Usirudi bila ng'ombe wa baba yako," alimwambia kwa fahari, majirani wakisikia. "Tawi hili halitoki hapa mpaka wapite chini yake."

Tangu hapo kila mwaka anachoma matawi ya wenzake, lake analiacha. Hakuna aliyemuuliza.

Mwaka jana jirani yake, Shigela, alirudi kutoka Katavi na habari mbaya. Ng'ombe wote walikufa kwa ugonjwa. Josia ameuza simu na anachoma mkaa kwa watu.

"Nilimwambia twende nyumbani," Shigela anasimulia. "Akasema, 'Nitapitaje pale langoni kwa mama mikono mitupu?' Nikamwacha analia, mtu mzima na ndevu zake."

Veronica hakulia. Alimkasirikia Shigela, kisha akamkasirikia Mungu. Kanisa aliendelea kulifagia, ila kusali aliacha.

"Nilikuwa nachezesha midomo tu," anakiri. "Nilishamwambia Mungu alete ng'ombe, ndipo nimshukuru. Nikakaa namngoja, kana kwamba nilimwajiri mimi."

Kufika saa nne gunia bado jepesi. Kaya nyingi zimehama na mifugo, na kwingine mbuzi wametafuna matawi. Mlangoni pa kanisa, katekista Januarius analichungulia, anatikisa kichwa.

"Mama Josia, majivu haya hayatafika hata benchi la nne."

"Ndiyo yaliyopo."

"Kwenye zizi lako kuna tawi," anasema polepole, macho chini. "Naliona miaka yote. Nilikuwa nangoja ulitoe mwenyewe."

Veronica anafoka. "Kwa hiyo na hilo Mungu analitaka? Ng'ombe kachukua, mtoto kachukua, sasa na kijiti?"

Januarius anaingia kanisani, anamwacha na gunia lake.

Baada ya kitambo Veronica anashika njia ya nyumbani. Lango la zizi limelegea, samadi imekuwa vumbi, na magugu yameota pale walipokuwa wakilala ndama. Anapanda juu ya gogo, analivuta tawi. Linatoka mara moja, kama halikuwahi kushikilia kitu. Anapiga magoti palepale kwenye samadi kavu, analia kwa sauti hadi Shigela anatoka nje kuangalia.

"Mungu hakumfukuza mtoto wangu," anasema baadaye, akichochea moto kwenye chungu cha majivu. "Nilimfukuza mimi. Niliwaheshimu ng'ombe kuliko mtoto niliyemzaa."

Anasema wiki hii atang'oa nguzo za zizi azifanye kuni. Jumapili ya Matawi ikifika, tawi jipya atalichomeka juu ya mlango wa nyumba, mahali pa mtu kupita.

"Aje na fimbo tu," anasema. "Na hiyo fimbo yenyewe, kama anayo. Akikosa, aje hivyohivyo."

Nani atampelekea neno hilo? Shigela harudi tena Katavi. Nauli Veronica hana, na namba ya kupiga hakuna. Analigeuza tawi lake kwenye moto, linashika, linajikunja na kuwa jeusi.

"Nimeishiwa," anasema. "Huo ujumbe Mungu anipelekee mwenyewe. Mimi nilishapeleka wangu ule wa kwanza, pale langoni, na mwanangu aliupokea."