Alinunua Nyumba, Akakuta Ina Wenyewe

Habari za kifo cha jirani yangu wa zamani zililetwa na bibi mmoja wa milimani ambaye hapendi simu, na kwa kuwa hapendi simu hakunizungusha. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akasema, "Yule mama wa Tanga ametutoka. Alikuwa amekaa barazani anachambua mboga. Njoo, maana ndugu zake wameshaanza kelele." Akakata. Niliandika safu ya wiki ile kuhusu bei ya sukari kwa sababu sikuwa na moyo wa kuandika jingine. Majuzi tumemsomea arobaini, na sasa naona naweza kumsema bila kumlilia, jambo ambalo yeye mwenyewe angelipenda zaidi.

Wasomaji wa siku nyingi wa safu hii wanamfahamu marehemu bila kumjua jina. Ndiye yule mwanamke aliyekaa ghorofa ya juu yangu hapa mjini, ambaye kila nilipokosa cha kuandika niliandika ugomvi wake. Alikuwa opereta wa simu katika ofisi moja ya karibu na bandari, enzi ambazo ukitaka kuzungumza na mkubwa lazima upitie kwa mwanamke mwenye sauti. Simu zilibadilika, opereta wakaondolewa, lakini sauti alirudi nayo nyumbani. Aligombana na waliofungulia pampu ya maji wakaisahau, waliotandaza kamba za nguo mbele ya dirisha lake, na familia moja iliyokuwa ikitwanga kitu kisichojulikana kila Jumapili juu ya kichwa chake. Hakuwa na mtoto. Mume waliachana zamani kwa amani, maana yake ni kwamba mume alihamia mkoa mwingine. Mimi alinipenda, au tuseme alinivumilia, kwa sababu nilikuwa chini yake na sikuwa na njia ya kumkanyaga.

Alipostaafu alialikwa harusi Lushoto, akarudi amebadilika kama mtu aliyeona mchumba. Alisema amelala usiku mzima bila kusikia choo cha mtu. Alisema kule ukifungua dirisha unapata ukungu, wala si moshi wa vitumbua vya jirani. "Nataka nyumba yangu," aliniambia tukiwa kwenye ngazi. "Nyumba ambayo juu yake kuna bati na juu ya bati yuko Mungu, basi. Nimechoka kuishi kama kitabu kwenye kabati, huku kuna mtu na huku kuna mtu." Nilimwambia milimani kuna baridi na hana jamaa kule. Akajibu kwamba jamaa ndio sababu ya pili.

Nyumba aliipata upande wa Mlola, hukohuko Lushoto, kwenye mgongo wa kilima, na siku ya kuikagua aliniburuta nami kwa maelezo kwamba mwandishi hutisha matapeli. Ilikuwa nyumba ya tofali za kuchoma, baraza pana, mipea miwili na miplamu nyuma, na pembeni ya uwanja kichaka kizuri cha masale, yale majani marefu membamba, yaliyopandwa kwa mpangilio. Muuzaji alikuwa mwanamume anayeishi Arusha, mwenye viatu vilivyokataa kabisa udongo mwekundu wa kule. Jirani yangu alimhoji kama askari. Maji yanatoka wapi, umeme hukatika mara ngapi, barabara wakati wa masika inapitika au watu husali tu. Kila jibu lilikuwa zuri. Mimi nilisifia masale. Muuzaji akasema, "Ndiyo, yana miaka mingi hayo," akatazama upande mwingine. Ningekuwa mwandishi wa kweli ningeuliza miaka mingapi na kwa nini.

Akahamia, na wiki za kwanza akanipigia kila siku kulalamikia ukimya. Alisema anausikia moyo wake ukipiga na hapendi mwendo wake. Kilichofuata ni tabia zake za ghorofani. Mchana kweupe alifunga geti kwa kufuli na komeo, kama tulivyozoea mjini ambako mlango uliofungwa ni adabu. Kule mlango uliofungwa mchana ni taarifa: kuna mgonjwa, kuna maiti, au kuna kitu kinafichwa. Majirani wakaja wote kujua ni kipi kati ya hivyo. Walipomkuta mzima walikaa, wakanywa chai yake, wakamuuliza ana watoto wangapi, na walipoondoka walimwachia kabichi ambazo hakujua azifanye nini. Alitoka mjini akikimbia majirani waliomkanyagia dari, akaangukia wanaoingia mpaka jikoni.

Mkubwa wa wavamizi hao alikuwa bibi yule aliyenipigia simu. Aliishi nyumba ndogo chini ya mteremko pamoja na mjukuu wake wa kike na ng'ombe mmoja wa maziwa, na kila asubuhi alipita kwenye upenyo wa ua na mundu wake, akakata majani ya ng'ombe ndani ya uwanja wa jirani yangu. Nilikuwa nimekwenda kumtembelea siku waliyopambana. Jirani yangu alitoka barazani na sauti yake ya ofisini, ingawa alianza kwa heshima zote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama. Mama, samahani, hapa ni kwangu sasa. Mwenyewe aliniuzia."

"Najua. Mwanangu aliuza nyumba," bibi alisema bila kuinuka. "Majani hakuuza. Huyu ng'ombe alikuwepo kabla yako."

Ndipo tulipojua kwamba muuzaji alikuwa mwanawe wa kumzaa, na kwamba bibi ndiye aliyeolewa katika nyumba ile na kuzalia mle. Jirani yangu alirudi ndani akajitupa kitini. "Nimenunua nyumba ya mtu anayeiona kila siku," alisema. "Hata kule juu ya kichwa chako sikuwa na tatizo la namna hii."

Tatizo lenyewe lilikuwa bado. Bafu la nyumba ile lilikuwa nje, na mtu aliyeoga ghorofani miaka yote haoni sababu ya kukutana na ukungu akiwa na taulo. Akaamua kujenga bafu na choo cha ndani, na shimo lake lichimbwe pale penye kichaka cha masale, kwa kuwa ndipo ardhi ilipokuwa tambarare. Mafundi walikuja asubuhi, wakafyeka kidogo, wakaweka majembe chini. Hawakugoma wala kupandisha sauti. Mkubwa wao alimfuata barazani akamwambia kwa upole kwamba pale pana watu. Kule masale hupandwa makaburini, na chini ya haya kulikuwa na makaburi matatu, moja kubwa na mawili madogo.

Jirani yangu akateremka kwa bibi vilevile alivyo, na kanga moja. Bibi alikuwa anakamua.

"Mbona hamkuniambia?"

"Hukuuliza," bibi alisema. "Uliuliza maji, ukauliza umeme, ukauliza barabara. Nilikuwa hapa chini nakusikia. Nani asiyekusikia wewe?"

"Ni kina nani?"

"Mume wangu. Na wanangu wawili, walikufa wadogo."

Aliponisimulia kwenye simu alikuwa amewaka. Sote tuliojiona tunajua mambo tulimshauri vizuri sana. Wengine walisema ashitaki. Mimi nilisema arudishe nyumba. Ndugu yake mkubwa alisema makaburi huhamishwa kila siku, barabara ngapi zimejengwa, na wenyewe hawalalamiki. Alikwenda ofisi ya kijiji, kikaitwa kikao, muuzaji akapanda kutoka Arusha. Nami nilikwenda, kwa udadisi zaidi kuliko urafiki.

Kwenye kikao yule mwanamume hakubisha hata kidogo. Alieleza kwamba alidhani jambo lile si kubwa, kwamba mambo ya kuuza huwa na haraka zake, na kwamba kama mwenye nyumba anataka nafasi, yeye kama mtoto mkubwa wa marehemu yuko tayari kukubali wahamishwe, wapelekwe makaburi ya kijiji, na gharama atachangia. Alisema kwa sauti ya mtu anayehamisha kabati. Mama yake alikuwa amekaa kwenye benchi la mwisho, mikono juu ya magoti. Mwenyekiti alimuuliza ana neno gani. Bibi akasema, "Nyumba si yangu tena. Muulizeni mwenye nyumba."

Wote wakamgeukia jirani yangu. Alikuwa ameshinda. Alichotaka kilikuwa mezani na hakuna aliyemzuia. Namfahamu, nilijua anavyoonekana akishinda, na safari hii hakuonekana hivyo. Alimtazama yule mwanamume, akavua miwani, akasema, "Mimi nilikaa ghorofani miaka mingi na watu walionisumbua mno, na hata mmoja sikumtoa. Hawa wako hata kukohoa hawakohoi. Nikawatoe kwa kosa gani? Bafu nitajenga upande mwingine. Wewe rudi Arusha, na ukija tena umwamkie baba yako kabla ya kuniamkia mimi." Akakaa. Mwenyekiti, ambaye nadhani alikuwa ameandaa hotuba, akafunga kikao.

Upande mwingine ulikuwa mwamba. Bafu la ndani halikujengwa mpaka anakufa. Aliendelea kuoga nje, akiutukana ukungu kwa sauti iliyosikika hadi bondeni, na majirani walizoea kama wanavyozoea redio. Masale aliyapalilia mwenyewe. Wageni alikuwa akiwaambia kwamba ana wapangaji watatu wasiolipa kodi na ndio wapangaji bora aliowahi kuwaona. Bibi aliendelea kukata majani, na kila asubuhi waliendelea kubishana nani mwenye uwanja, mabishano ambayo baada ya muda yalifanyika wote wawili wakiwa wamekaa barazani, kikombe mkononi. Nilimuuliza bibi siku moja kama bado anaumia nyumba kuuzwa. Akasema ameumia kwa mwanawe, wala si kwa nyumba. "Huyu amenirudishia mlango," alisema. "Mwanangu alikuwa ameufunga."

Sasa turudi kwenye ile Jumanne ya mazishi. Nilifika mchana, nikakuta nduguze wawili wamekuja na gari kumchukua marehemu wampeleke Tanga, na wanakijiji wamejaa uwanjani wakisubiri kuambiwa wachimbe wapi. Shekhe alikuwa ameshasema kwamba maiti anahitaji kuwahiwa, na Tanga si karibu. Kaka mtu alishikilia msimamo. "Tunamzikaje hapa?" alisema. "Huku hana mtu. Hana mume, hana mtoto, hana ukoo."

Bibi alitoka chumbani, ambako wanawake walikuwa wakimwosha marehemu. Hakupandisha sauti. "Ana mimi," alisema. Kisha akanyoosha mkono wake kuelekea kwenye masale. "Pale pembeni ya mume wangu kuna nafasi. Nilikuwa nimejiwekea. Mpeni. Mimi nitakaa upande wa watoto."

Mzee mmoja, rafiki wa marehemu mume wa bibi, alikohoa, akauliza kwa tahadhari kama ni sawa kumlaza mtu mwenye sauti ile karibu na mtu aliyeipenda sana amani yake.

"Alikuwa kiziwi," bibi alisema. "Hawatagombana."

Sijawahi kuona watu wakicheka msibani kwa namna ile, wakijifuta macho na kuomba Mungu awasamehe papo hapo. Kaka mtu alicheka wa mwisho, na alipomaliza kucheka akashika jembe. Tulimzika kabla ya jua kushuka, kaburi la nne, na nilirusha udongo wangu nikiwaza kwamba mwanamke huyu alikimbia ghorofa ili akae peke yake.

Siku iliyofuata baada ya arobaini walikuja wanunuzi, mume na mke kutoka Dar es Salaam, watu wazuri, wanaoishi ghorofani na wamechoka. Kaka mtu aliniomba niwatembeze kwa sababu najua maneno. Waliipenda baraza, wakaipenda mipea, wakauliza maji na umeme. Mimi nilikuwa nafungua mdomo kuwaeleza, lakini bibi alikuwa amekwishapanda na mundu wake, akawaonyesha makaburi moja baada ya jingine, akitaja majina yote manne kwa utaratibu kama anayetambulisha familia. Yule mnunuzi mwanamume alisikiliza kwa heshima. Kisha akauliza, kwa sauti ya kikazi, watahamishwa lini.

"Hao?" bibi alisema. "Wewe utahama kabla yao."

Waliondoka wakisema watatupigia. Hawajapiga, na nyumba bado inauzwa. Mnaoniandikia kila wiki kwamba mmechoka na ghorofa na mnataka pa kwenu, sitawazuia. Nendeni, nunueni, pakeni rangi mnayotaka. Ila mjue kwamba muuzaji anauza kuta na bati, na penyewe pana watu ambao hawamo kwenye mauzo, wengine juu ya ardhi na wengine chini yake. Kukubaliwa nao hakununuliwi. Mtakaa miaka mkingoja, na kwa wengine kibali hutoka siku ambayo hawawezi tena kushukuru.