Bi Pindo Aletwe

Jina hilo nilimpa mimi, na nitalijutia mpaka naingia kaburini. Siku ya tatu tangu kaka yangu amwoe, nilimkuta bibi harusi amepanda juu ya kiti, anakagua pazia la mama yetu. Hakupenda lilivyokunjwa chini. Kufika saa sita mchana alikuwa ameshalifumua na kulishona upya, nami kwa utani wa mawifi nikamwambia hapa hatukuoa mke, tumeoa pindo. Basi likamganda. Alipofungua chumba chake cha kushonea, watu wakawa wanaulizia kwa Bi Pindo, na mwenyewe anaitika. Lile jina lake la kitambulisho, refu ajabu, nadhani hata marehemu kaka yangu alilisikia siku ya ndoa tu, akalisahau.

Kiwanja alikinunua mwenyewe, kwa suruali za watu na sare za shule, miaka kumi na tisa iliyopita. Siku wapimaji wa ardhi walipopita, yeye alikuwa kwenye cherehani na mimi nilikuwa kule kiwanjani napalilia mahindi. Mpimaji mwenye daftari akauliza, hiki cha nani? Nikamjibu cha Bi Pindo, nikaendelea na jembe langu. Naye akaandika. Hati ilipotoka, pale pa jina la mwenye mali palikuwa pamechapwa Bi Pindo, na muhuri juu yake. Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Akaitia kwenye mfuko wa nailoni, akaiweka chini ya godoro.

Mwaka jana akaanza kutunga uzi kwa kubahatisha. Nikampeleka kwa daktari wa macho, akasema ni presha ya macho. Inakula kuona kidogo kidogo, na ilichokwisha kula hakirudi. Upasuaji ungeizuia, lakini tusizidishe miezi miwili. Gharama aliyotutajia wifi yangu hakuwa nayo, ila alikuwa na kiwanja. Mwoka mikate wa mtaa wa pili alikuwa akikitamani siku nyingi. Akakubali bei palepale, kwa sharti moja, kwamba senti yake haitoki mpaka hati iwe na jina lake. Simlaumu. Nani anataka kununua kesi?

Tukaenda ofisi ya hati tukiwa na furaha zetu, wajinga sisi. Ni chumba kimoja kirefu, kaunta iliyochubuka rangi, benchi la kusubiria, na feni ambayo imezimwa tangu mimi sina mvi. Afisa wa hati ni bwana mmoja mfupi, mpole, ambaye baadaye tulimbandika jina la Bwana Kesho. Suruali zake zote hupunguzwa na wifi yangu, maana dukani hawauzi za urefu wake. Alipotuona akasimama kabisa. Karibu Bi Pindo, kaa Bi Pindo, habari za kazi Bi Pindo. Akasoma hati, akasoma kitambulisho, akarudia tena vyote viwili.

"Tatizo, Bi Pindo," akasema, "ni kwamba hapa hakuna kinachoonyesha kuwa wewe ni Bi Pindo."

Nilidhani anatania, nikacheka. Yeye hakucheka. Akaeleza kwamba sheria inamtaka mwenye mali, kwa hiyo Bi Pindo aletwe na kitambulisho chake. Na kama Bi Pindo amefariki, kiletwe cheti cha kifo, warithi wajitokeze. Nikamuuliza hiyo suruali uliyovaa imepunguzwa na nani, na marehemu? Akavuta miguu chini ya meza, akasema mambo ya ofisi si mambo ya mtaani.

Hapo ndipo danadana zilipoanza. Tukaapa mahakamani kwamba Bi Pindo wa hati na mwenye kitambulisho ni mtu mmoja. Kiapo kikarudishwa kwa sababu muhuri ulikuwa umefunika tarehe. Tukaapa tena. Tukatakiwa barua ya mkuu wa mtaa. Mzee wa watu akaandika kurasa mbili za sifa, kwamba anamfahamu Bi Pindo kwa miaka ishirini, ni mchapa kazi na jirani mwema, ila hakuweka lile jina refu kwa kuwa hakulijua. Bwana Kesho akaisoma yote, akasema ni barua nzuri sana, inathibitisha kuwa Bi Pindo yupo. Sasa aletwe.

Tulipokuja na barua ya pili, tukaambiwa libandikwe tangazo ubaoni siku thelathini, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Tukazihesabu. Siku ya thelathini Bwana Kesho akatoka nje kuangalia, akakuta tangazo letu limefunikwa na ratiba ya mechi za wafanyakazi, na hakuna aliyejua tangu lini. Hesabu ikaanza upya. Akatutuliza kwa kusema haraka haraka haina baraka. Nikamwambia ngoja ngoja huumiza matumbo, na hii yenu inaumiza macho, umtazame huyu. Akamtazama kweli. Akasema atalifuatilia kesho.

Karani wa mafaili alininong'oneza siku moja kwenye ngazi kuwa faili halitembei bila mafuta. Sikufichi, nilikuwa tayari kutoa. Wifi ndiye aliyekataa. "Nikanunue jina langu mwenyewe?" akaniuliza. Nikazirudisha pesa kwenye pindo la kanga, na mpaka leo sijui kama nilifanya vyema.

Na macho hayakuwa yakisubiri tangazo. Mwezi wa kwanza wa danadana alikuwa anakwenda ofisini peke yake. Mwezi wa tatu akawa ananishika kiwiko kwenye ngazi, anasingizia magoti. Mwezi wa tano akashona mfuko wa shati la shule kwa ndani. Mwenye shati akacheka, akidhani ni utani, wifi akamrudishia pesa yake. Mwezi wa sita akaifunika cherehani kwa lile pazia la mama.

Mwezi wa saba wakatuita kusaini. Bwana Kesho akasukuma fomu mbele, akasema hapo kwenye mstari. Wifi yangu akaandika jina lake lote refu, taratibu, kwa heshima, juu ya mbao ya meza. Kalamu haikugusa karatasi. Nikamshika mkono niuelekeze, nikaambiwa hairuhusiwi, sahihi lazima iwe yake. Nikasema maneno ambayo sitayarudia hapa, na watu wa kwenye benchi wakasimama. Wakaleta wino, wakachukua alama ya dole gumba.

Mwoka mikate akalipa siku ileile, Mungu ambariki. Daktari akamulika jicho la kulia, kisha la kushoto, kisha akazima taa yake na kuuliza tulikuwa wapi. La kulia lilikuwa limekwisha. La kushoto wakaokoa kilichobaki, kiasi cha kuuona mlango na kujua kama uko wazi. Tundu la sindano, asahau.

Wiki tatu baadaye tukasikia hodi. Bwana Kesho, na suruali mpya mkononi. Akasema pole kwa kuumwa, Bi Pindo, nimekuletea kazi ndogo tu, ila nina haraka kidogo, naihitaji kesho.

Nikafungua mdomo. Wifi akaninyooshea kiganja nisiseme. Akaipokea suruali, akaipitisha vidoleni mpaka chini, akalipapasa pindo la kiwandani pande zote. Kisha akaikunja vizuri na kumrudishia.

"Bi Pindo hayupo tena, baba. Kile cheti cha kifo mlichokuwa mnakitaka, kaandikeni sasa."

Yule bwana akanigeukia mimi, kana kwamba nitamsaidia. Miezi saba nilikuwa nimemwekea neno moja tu, njoo kesho, na sasa nikaona halina kazi. Nikamfungulia mlango, nikarudi kukaa na wifi yangu.

Tangu siku hiyo naulazimisha ulimi wangu kumwita kwa lile jina la kitambulisho. Mara nyingi haitiki. Hajui kama anaitwa yeye.