Mwavuli wa London Ulionivunjia Nyumba

Nimekosa, ndugu zangu. Nasema mapema, maana kujitetea nimejitetea sana na hakuna aliyenisikiliza, hata mimi mwenyewe. Nilimvunja mke wangu mkono kwa ajili ya mwavuli. Mwavuli nilioununua mimi, London, kwa mapenzi!

Jina langu acheni. Mimi ni Mndali wa milima ya Ileje. Vita vilipokwisha nilikuwa miongoni mwa askari waliopelekwa Uingereza kutembea gwaride mbele ya Mfalme. Loo, tulitembea! Baadaye tukapewa ruhusa ya mchana mmoja tununue zawadi za nyumbani.

Wenzangu walivamia makopo ya biskuti yenye picha ya Mfalme, filimbi, na kadi za picha za madaraja. Mimi nilitaka kitu cha mke wangu, niliyemwacha bado bibi harusi. Nikaonyesha shali nyekundu. Binti wa dukani akatikisa kichwa: nguo haziuzwi bila kuponi za mgawo wa vita, na kuponi mimi sina. Nikapandwa na hasira, nikapiga meza ngumi, vioo vikalia. Sajini wetu akanishika bega.

"We! Hapa si Burma. Tuliza huo mkono wako."

Ningemsikia siku ile, leo ningekuwa na mke.

Ndipo nikauona mwavuli. Wa kike, mweusi, mpini wake kichwa cha bata chenye macho ya kioo. Binti akauliza ni wa nani. Sajini akatafsiri, nami nikajibu kwa vitendo. Kwetu mwanamke aliyeolewa hamtazami baba mkwe wake. Wakikutana njiani anajifunika uso, anakimbilia kichakani. Basi nikaufungua mwavuli mle dukani, nikajificha nyuma yake, nikakimbia kinyumenyume mpaka nikagonga rafu. Duka zima likacheka, nami nikacheka sana. Jamani! Mila yetu nilikuwa nayo kichwani London, nikaja kuisahau nyumbani kwangu.

Mke wangu aliupenda. "Huyu bata ananitazama," alisema, akamfunga kitambaa machoni, tukacheka mpaka tukachoka. Jumapili akaenda nao kanisani, na kijiji kizima kikageuka kuangalia.

Sasa kulikuwa na fundi cherehani mmoja, kijana, amejenga kule juu mlimani. Akasema mbele za watu, "Shemeji, ukichoka kuubeba niletee, niupumzishe." Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Lile neno lilinikaa kooni.

Masika yalipoanza nikaenda Tunduma kubeba mizigo ya mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akivusha chumvi na samaki wakavu mpakani. Nilikaa huko mpaka mvua zikakaribia kwisha. Nikarudi mchana mmoja, mvua inapiga, nimebeba samaki, nina furaha. Naingia ndani, natupa macho kwenye kigingi. Mwavuli hakuna.

"Mwavuli uko wapi?"

Akainamisha kichwa. "Nimemwachia wa kule juu."

"Wa kule juu nani?"

"Wa kule juu, mume wangu. Unamjua."

"Mtaje!"

"Siwezi kumtaja."

Ndugu yangu unayesoma, mtoto yeyote wa Undali angeelewa! Mwanamke wetu hatamki jina la baba mkwe wake. Hata neno "baba mkwe" linamkwama, humwita kwa mahali anapokaa. Lakini mimi baba yangu nilimwacha bondeni. Sikujua kwamba mvua imebomoa nyumba yake na kwamba ndugu zangu wamemjengea nyingine kule juu, jirani na fundi. Mke wangu alitaka kunieleza. Alisema, "Mvua ilibomoa..." Nikamkatiza kwa kofi.

Akaangukia mafiga. Nikamtia teke la mbavu kwa buti la jeshi, na jingine, na jingine. "Mtaje!" Akawa anamwita mama yake tu. Nikaudaka mchi wa kinu. Akainua mkono kukinga kichwa, mchi ukatua pale pale. Nilisikia mfupa ukivunjika, Mungu anisamehe, na bado nikasema mtaje. Majirani walikuwa nje wakipiga mayowe, hakuna aliyethubutu kuingia.

Hakumtaja. Nikachukua panga nikatoka, naenda kumkata fundi wa watu.

Sikufika mbali. Kwenye njia ya mlimani niliona macho ya bata. Mwavuli unateremka, na chini yake baba yangu, mzee wa watu, anahema, anakuja kwa sababu ya zile kelele.

"Panga la nini, mwanangu?"

"Baba, huo mwavuli umeutoa wapi?"

"Ni wa mkeo. Mvua ilinikuta njiani nina homa. Aliponiona akauweka chini ukiwa wazi, akakimbilia kichakani, analowa. Nikamtuma mama yako aurudishe. Mkeo akakataa, akasema nikae nao mpaka masika yaishe."

Panga likaniponyoka.

Baba akanipita, akaingia nyumbani kwangu, mahali ambapo mkwe wake amelala. Kwetu haiingiliki hivyo! Mke wangu alikuwa chini karibu na jiko, damu mdomoni, mkono mmoja unaning'inia. Akaiona miguu ya baba mlangoni. Kwa ule mkono mmoja uliobaki akavuta kaniki yake, akajifunika uso.

Baba akageukia ukuta. Akaushusha mwavuli kati yake na mke wangu, akalia. Kisha akaniambia, bila kunitazama, "Mbebe wewe uliyemvunja. Mimi siruhusiwi kumgusa."

Nilimbeba mpaka zahanati ya misheni, mvua ikitupiga wote wawili. Mkono ukaunga vibaya, hauinui tena mtungi. Kaka zake walikuja kutoka kwao Ikinga na fimbo, wakanipiga mpaka wakaning'oa meno, nami sikunyanyua hata kidole. Walipomaliza wakamchukua dada yao. Mwavuli baba aliuacha mlangoni kwangu, tangu siku ile hajanywa maji nyumbani mwangu.

Mwaka uliofuata nilikwenda Ikinga kuomba msamaha. Nikakutana na mke wangu njiani, anatoka shambani. Nikamwita. Akavuta nguo akajifunika uso, akaingia kichakani. Nilisimama pale nimeshika mwavuli, mpumbavu mimi. Wifi yake akaniambia kwamba mke wangu jina langu halitamki tena. Akilazimika, husema "yule wa London".

Ninyi mnaotoka safari na zawadi mikononi, nisikilizeni. Ukirudi ukakuta kitu chako hakipo, kaa kwanza. Kula. Nenda kamsalimie mama yako, muulize habari za pale nyumbani. Na mkeo akianza kusema, mwache amalize, hata kama moyo unakuchemka. Mke wangu alikuwa amebakiza maneno machache tu: nyumba ya bondeni.